Tupeane uzoefu: mitishamba katika kisanduku cha huduma ya kwanza cha familia inayokwenda kupiga kambi

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, kila safari ya kambi inapokaribia, mjadala nyumbani kwetu huwa ni uleule: mitishamba ipi iingie katika kisanduku cha huduma ya kwanza na ipi ibaki. Msimamo wangu ni kwamba kila mmea unaoingia uwe na kazi moja inayojulikana, kipimo kilichoandikwa na mtu mmoja anayejua kuutumia. Ukikosa hata kimojawapo, unakuwa mzigo tu. Plasta, shashi, bandeji, kibano, glavu, dawa ya homa na pakiti za ORS (chumvichumvi za kuchanganya na maji kwa anayeharisha) vinatangulia bila mjadala. Naomba mweleze mlichokitumia wenyewe mkiwa mbali na zahanati, si mlichosikia kwa watu.

Mama wa watoto watatu

Kwetu tangawizi huanza kazi kabla hema halijasimamishwa, kwa kuwa mtoto wetu wa kati huchafukwa na roho mara barabara inapoanza kupinda. Humpa chai nyepesi ya tangawizi nusu saa kabla ya kuondoka, na njiani akatafuna kipande chembamba. Sibebi mizizi mibichi, kwa sababu huota ukungu katika joto la gari. Nabeba iliyokaushwa, ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana. Babu yao anatumia dawa za kuzuia damu isigande, na daktari alimshauri asiizidishe tangawizi, kwa hiyo onyo hilo tumeliandika juu ya kifuniko ili asipewe na mtu asiyejua.

Tumbo likijaa gesi, chai ya mnanaa hutosha. Mtu akiharisha hatuhangaiki na majani, anapewa ORS. Na pakiti zikiisha, tunapima lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu.

Baba anayepika kambini

Mimi ndiye mwenye moto wa kuni, kwa hiyo majeraha ya moto nayajua kwa karibu. Binti yangu aliwahi kushika mpini wa sufuria iliyokuwa imetoka tu kwenye makaa, na kabla sijamfikia, shangazi yake alikuwa ameshafungua chupa ya mafuta ya kupikia. Nilimwomba aiweke chini, tukaushika mkono wa mtoto chini ya maji yaliyotiririka polepole kutoka kwenye dumu kwa dakika 20, muda ambao kwa mtoto anayelia ni mrefu kama mwaka. Mafuta yangeufungia joto ndani ya ngozi. Vidole vilibaki vyekundu, lakini havikutoa malengelenge.

Shubiri ilifuata ngozi ilipokwisha kupoa, si kabla. Nililikata jani karibu na shina, nikalisimamisha kikombeni mpaka utomvu wake wa manjano ulipomalizika kudondoka, kwa sababu utomvu huo huwasha ngozi na ukimezwa huendesha tumbo. Kisha nikalimenya, nikapaka ute wa ndani peke yake. Ningeona malengelenge, ngozi iliyochunika au jeraha linalozidi kiganja chake, tungefunika kwa kitambaa safi na kuelekea hospitali, na shubiri ingebaki kisandukuni.

Muuguzi

Namuunga mkono baba hapo juu. Ninachoogopa zaidi katika visanduku vya namna hii ni vile vichupa vidogo vya mafuta ya mimea, kwa kuwa harufu yake nzuri huwafanya watu wayaone hayana madhara. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa na mtoto, hata kidogo, yanaweza kumletea usingizi mzito na degedege, na wala asitapishwe. Apelekwe hospitali pamoja na kichupa chenyewe. Mafuta ya mnanaa yasipakwe karibu na pua ya mtoto mchanga, kwa sababu yanaweza kumbana pumzi. Dawa ya kufukuza mbu inayotokana na mkaratusi wenye harufu ya limau haishauriwi kwa watoto walio chini ya miaka 3. Hao wavae mikono mirefu na walale ndani ya chandarua. Kwa mtu mzima, matone 6 ya mafuta ya mti-chai (tea tree) ndani ya mililita 30 za mafuta ya kawaida yanatosha kwa ngozi.

Mjomba wa vijana

Ongezeni onyo la ndimu. Mpwa wangu alijipaka maji ya ndimu mikononi ili kutuliza kuwashwa na mbu, akashinda juani akivua samaki, na baada ya siku mbili mikono ilikuwa na malengelenge kufuata michirizi ya maji yale, kisha madoa ya kahawia yakakaa kwa wiki kadhaa. Maji ya ndimu na jua kali haviendani juu ya ngozi. Kitunguu saumu kibichi nacho kikifungwa kwenye kidonda huunguza.

Dada mwenye mtoto wa miezi tisa

Naomba kuuliza kuhusu asali. Mama mkwe husema ikiwamo asali, dawa ya kikohozi haihitajiki.

Muuguzi

Dada, kwa wakubwa mama anasema kweli, kijiko kimoja hutuliza kikohozi usiku. Mtoto wako asiionje kabisa kabla ya kutimiza miezi 12, hata kwenye ncha ya kidole, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, ambazo utumbo wake bado haujaweza kuzishinda. Kwa vidonda, tumia asali iliyotakaswa kwa kazi hiyo, si ya jikoni.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana. Ndimu nimeifuta kwenye orodha ya kisanduku, itasafiri na vyakula. Mafuta yote yanahamia kwenye mkoba wenye kufuli unaobaki kwangu. Aliyewahi kutumia karafuu kwa maumivu ya jino kambini atueleze alivyofanya, kwa kuwa nasikia mafuta yake yasiyozimuliwa huunguza fizi.