Mjadala: Je, hadithi za taharuki zimeligeuza jeraha la utotoni kuwa kibali cha kuua?

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Nimemaliza riwaya ya nne mwaka huu yenye msuko uleule, na nimeona nilete hoja hii kabla sijafungua ya tano. Mtoto anadhulumiwa, watu wazima wanaomzunguka wananyamaza, mahakama inashindwa, miaka ishirini inapita, kisha yule mtoto anarudi akiwa mtu mzima mwenye subira na kisu, na kila anayekufa mikononi mwake ni mtu ambaye msomaji amekwisha kumchukia tangu sura ya pili. Sikatai kwamba hadithi hizi zinanishika, maana huzisoma hadi usiku wa manane. Swali langu ni hili: je, aina hii ya taharuki inatusaidia kuwaelewa walioumizwa, au inayachukua maumivu yao ili tushangilie mauaji bila dhamiri kutusuta?

Angalieni kisengerenyuma, yaani kurudishwa kwenye matukio yaliyopita, kinavyotumika. Mtunzi anakificha mpaka dakika ya mwisho kabla ya kuua: tunaonyeshwa kitasa cha mlango kikizunguka polepole, viatu vidogo vimepangwa chini ya kitanda, halafu tunarudishwa kwa mtu mzima aliyekwisha kunyanyua silaha. Kwa mpangilio huo hukumu imeshapita, na aliyeitoa ni msomaji. Anayezoea kuhukumu hivyo hapati nafasi ya kuuliza kama aliyeko mbele ya kisu ndiye hasa mkosaji.

Mama wa Wawili

Mleta mada, nimekusoma kwa makini lakini natofautiana nawe kabisa. Mimi ni mzazi, na hadithi hizi ndizo pekee zinazosema kwa sauti kile ambacho kila mzazi anakificha moyoni. Mwaka 1984 huko Baton Rouge, Marekani, baba mmoja, Gary Plauché, alisimama kwenye simu za umma uwanja wa ndege akimsubiri mwalimu wa karate aliyemtorosha mwanawe hadi California na kumdhulumu. Polisi walipompitisha, alimpiga risasi ya kichwa mbele ya kamera za televisheni. Alihukumiwa miaka saba iliyosimamishwa, uangalizi wa miaka mitano na saa 300 za kazi za jamii, bila kutumikia kifungo gerezani. Ikiwa jaji alimwelewa, mimi msomaji nina kosa gani nikimwelewa?

Na tuseme ukweli: mtoto aliyevunjwa namna ile hawezi kukua akawa mtu wa kawaida. Ama atajiangamiza, ama ataangamiza wengine. Waandishi hawajabuni chochote hapo.

Mizani

Ndugu Mama wa Wawili, umechagua kesi inayokufaa. Machi 1981, huko Lübeck, Ujerumani, Marianne Bachmeier aliingia na bastola mahakamani akamuua mtu aliyeshtakiwa kwa kumuua bintiye wa miaka saba. Mwaka 1983 alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Watu wakiisimulia kesi hiyo husema alifanya hivyo kwa sababu sheria ilishindwa, lakini kesi ilikuwa katika siku ya tatu tu. Mahakama ilikuwa ikisikiliza, haijashindwa wala kushinda. Hadithi za kisasi huianza safari pale ambapo mahakama imekwisha kuondolewa njiani, ndiyo maana kisu kinaonekana kuwa mlango pekee uliobaki.

Sauti ya Chini

Nilikusudia kusoma tu na kuondoka, lakini siwezi kulipita lile neno kwamba mtoto aliyevunjwa hawezi kukua akawa mtu wa kawaida. Mama wa Wawili, mtoto unayemzungumzia ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Sikumbuki kitasa cha mlango wala viatu chini ya kitanda. Nakumbuka kalenda iliyotundikwa ukutani, yenye miraba, na jinsi nilivyokuwa nikiihesabu miraba ya mwezi kutoka kushoto kwenda kulia, na nikifika mwisho naanza upya, hadi lile jambo liishe. Leo nina miaka arobaini na sita. Nimelea watoto wangu, nina kazi ninayoipenda, nina marafiki wa miaka mingi, na sijawahi kunyanyua mkono juu ya mtu. Unaposema nitajiangamiza au nitaangamiza wengine, unanipa hukumu ya pili kwa kosa ambalo halikuwa langu.

Msomaji Mkongwe

Pole sana, dada, na tunashukuru kwa kutuamini. Hata hivyo Mama wa Wawili hakulitunga jambo lile kichwani. Nakumbuka kulikuwa na utafiti mkubwa wa Marekani, wa miaka ya themanini kama sikosei, ulioonyesha kwamba waliodhulumiwa utotoni wengi wao huishia kuwa wahalifu. Nadhani ndipo lilipotoka lile wazo la mzunguko wa ukatili.

Mlinganyo

Ndugu Msomaji Mkongwe, utafiti huo upo, lakini umeukumbuka kinyume. Ni wa Cathy Spatz Widom, ulichapishwa mwaka 1989. Alifuatilia watu 908 ambao dhuluma au kutelekezwa kwao utotoni kulithibitishwa mahakamani, akawalinganisha na watu 667 waliofanana nao kwa umri, jinsia, rangi na hali ya familia. Waliokamatwa wakiwa bado vijana walikuwa asilimia 26 katika kundi la kwanza na asilimia 17 katika la pili. Waliowahi kukamatwa kwa kosa la ukatili walikuwa asilimia 11 dhidi ya 8. Kwa hiyo jeraha linaongeza hatari, hilo halikataliwi, lakini karibu watu tisa kati ya kila kumi waliodhulumiwa au kutelekezwa hawakukamatwa kwa ukatili wowote. Mtunzi akituambia kwamba mhusika wake anaua kwa sababu aliumizwa, ametueleza habari za wachache sana kana kwamba ni kanuni ya maumbile.

Mama wa Wawili

Nimekosea kwa namna nilivyosema, na Sauti ya Chini, nakuomba radhi kwa dhati. Lakini sitaki niombe radhi halafu hoja yangu izikwe na asilimia. Mlinganyo, tofauti ya 26 na 17 si ndogo kwa mzazi anayemtazama mwanawe aliyeanza kunyamaza mezani. Na bado hakuna aliyenijibu: sheria ikishindwa kweli, ushahidi umepotea, mashahidi wamekufa, muda wa kufungua mashtaka umepita, mnataka aliyeumizwa afanye nini? Akae na kusubiri? Hadithi hizi angalau zinakataa kumwambia akae.

Mizani

Nakujibu kwa tukio. Mwaka 2000 nchini Uingereza, gazeti moja lilikuwa likichapisha majina na picha za watu waliowahi kuhukumiwa kwa kudhulumu watoto. Hasira zikapanda, na huko Newport, Wales, watu wakaivamia na kuichoma nyumba ya daktari wa watoto kwa sababu tu jina la taaluma yake kwa Kiingereza linafanana na neno la mdhulumu wa watoto. Huo ndio mkono uliokataa kukaa na kusubiri.

Mlinganyo

Samahani, Mizani, nyumba haikuchomwa. Daktari yule alikuta neno la matusi limeandikwa kwa rangi kwenye nyumba yake, akahama. Tukio la kundi la watu na moto limeongezwa na wasimuliaji baadaye. Hoja yako inasimama hata bila moto, kwa hiyo usiuongeze.

Mizani

Nimekubali kusahihishwa. Nililisikia mara nyingi likiwa na moto ndani yake, na nikalibeba lilivyo. Hata hivyo mwanamke aliyejitolea maisha yake kutibu watoto aliondoka nyumbani kwake kwa sababu jina la taaluma yake lilifanana na jina la uovu. Sijui kama maandishi badala ya moto yanapaswa kutufariji.

Mama wa Wawili

Hayafariji, lakini wewe ulitumia moto kunitisha, na sasa unasema moto haukuwa muhimu. Ndivyo mnavyotulaumu sisi wapenzi wa hadithi hizi, kwamba tunapandishwa hisia hadi tusihoji. Umetufanyia jambo lilelile katika aya moja.

Msomaji Mkongwe

Tusigombane, tuirudie fasihi. Si kweli kwamba aina hii yote inashangilia. Chukueni filamu ya Mystic River ya mwaka 2003. Dave alitekwa na kudhulumiwa akiwa mtoto, na alipokua, rafiki yake wa utotoni alimuua akiamini kwamba ndiye aliyemuua bintiye. Dave hakuwa na kosa lolote. Hapo kisasi kinaonyeshwa jinsi kilivyo, kwamba kinamwangukia yuleyule aliyekwisha kuumizwa mara ya kwanza.

Kalamu Nyeusi

Mkongwe, umeitaja filamu niliyotamani mtu aitaje, lakini si kweli kwamba Dave hakuwa na kosa lolote. Damu aliyorudi nayo nyumbani usiku ule ilikuwa ya mtu mwingine: alimkuta mwanamume na mvulana ndani ya gari, akampiga mwanamume yule hadi akafa. Kwa hiyo mle ndani mna mauaji mawili yaliyofanywa na watu waliojichukulia sheria mkononi. Moja tunalilia, kwa sababu aliyekufa ni Dave. Jingine tunalipita kama maelezo tu ya damu ilikotoka, kwa sababu aliyekufa alikuwa mdhulumu. Nilipoitazama mara ya kwanza nililipita vilevile. Hata ninyi hapa, wewe umelisahau kabisa, na hakuna aliyekukumbusha. Ninachokilalamikia ndicho hicho: hata hadithi inayokemea kisasi ina maiti moja ambayo haihesabiwi.

Mama wa Wawili

Na kwa nini niihesabu? Mvulana aliyekuwa ndani ya gari lile alitoka hai. Mleta mada, unamhurumia nani?

Kalamu Nyeusi

Namwangalia Dave. Kuua kule hakukumponya hata kwa saa moja. Alirudi nyumbani akitetemeka, akamdanganya mkewe, na uongo ule ndio uliomfanya aonekane mshukiwa. Kuna utafiti wa mwaka 2008 wa Carlsmith, Wilson na Gilbert uliofanywa kwa mchezo wa kikundi wa kugawana fedha: waliopata nafasi ya kumwadhibu aliyewasaliti walitarajia kujisikia vizuri, lakini walibaki na hisia mbaya zaidi kuliko wale ambao hawakupewa nafasi hiyo, kwa kuwa waliendelea kumfikiria msaliti. Najua mchezo wa fedha si jeraha la mtoto. Lakini hadithi nyingi hufunga ukurasa pale kisu kinapotua, asubuhi inayofuata hatuioni.

Sauti ya Chini

Nimefikiria usiku mzima kama nirudi. Mmetaja sana baba wa Baton Rouge, lakini mtoto wake hakutajwa ila kama sababu ya risasi. Mtoto huyo alikua, na amesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba hakutaka mtu yule afe, alitaka tu aache. Mwanzoni alimkasirikia baba yake. Katika picha za uwanja wa ndege hayumo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mama wa Wawili, uliuliza aliyeumizwa afanye nini. Sitawasemea wengine. Aliyenidhulumu alikufa kitandani kwake, mzee, akiwa amezungukwa na watu. Nilipopata habari sikujisikia kwamba nimenyang'anywa kitu, kwa sababu kifo chake hakikuwa ninachokitaka. Kwa miaka yote nilikuwa nikiwafikiria waliokuwa chumba cha pili. Kulikuwa na watu wazima upande wa pili wa ukuta ule wenye kalenda, niliwasikia wakizungumza, na nilikuwa nikisubiri mmoja wao anyanyuke. Katika hadithi hizi zote mnazozitaja, mdhulumu anakufa sura ya mwisho, na watu wa chumba cha pili hawaulizwi lolote. Labda ndiyo sababu zinapendwa, kwa kuwa wengi wetu tumewahi kuwa chumba kile.

Nilipofika miaka thelathini nilimwendea mama yangu mkubwa, nikamweleza. Alikuwa akikunja nguo. Hakuacha kukunja. Akasema, "Nilijua kuna kitu."

Mama wa Wawili

Dada yangu, nimekaa na maneno yako tangu asubuhi. Sina hoja, nina swali moja, na kama ni zito usilijibu. Ulimwambia nini?

Sauti ya Chini

Nilimwomba aziache zile nguo, akae, aniambie alijua tangu lini.