Baldur's Gate 3: goblini wa getini wananimaliza, nianze upya?

Kijana_wa_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Hatimaye nimeishusha Baldur's Gate 3. Ni mzigo wa GB 150, nimeupakua kidogokidogo kwa bando la usiku. Nimezoea gemu za mpira na za magari; hizi za kuongoza kikosi, kila mtu na zamu yake, ndiyo kwanza naanza.

Hali iko hivi. Nimechagua kuwa fighter (mpiganaji wa silaha), niko levo ya pili. Nimeshawapata wenzangu Shadowheart, Astarion, Gale na Lae'zel, ila kikosi kinachukua wanne tu, nami nikiwemo. Nikifika kwenye geti la wale druidi (wachawi wa msituni), goblini wanatokea na tunafyekwa. Shadowheart kila akirusha ule moto wake anakosa. Gale akiguswa mara mbili yuko chini.

Naombeni msaada: nifute nianze na mhusika mwingine? Nani abaki kambini? Na kuhusu kulala, kila ninayeongea naye anasema tuna mdudu kichwani na siku si nyingi tutageuka mazimwi, kwa hiyo sijathubutu kulala. Tafadhali msinimalizie hadithi.

Fundi_Pedi

Karibu ndugu. Usifute. Ingia kwenye mipangilio, shusha ugumu hadi Explorer (ngazi rahisi), ukishazoea rudisha Balanced (ya kawaida). Unaruhusiwa kubadilisha wakati wowote, labda uwe kwenye Honour Mode, ngazi ngumu kuliko zote.

Mama_Zamu

Mdogo wangu, hongera kwa kuvumilia hilo bando. Fundi hajakosea, lakini mimi ningekuomba ulale kwanza, ndipo ufikirie kushusha ugumu.

Naongea kwa mapenzi maana gemu hii naicheza na kaka yangu aliyeko Muscat, Ijumaa jioni watoto wakishalala, na suala la usingizi ndilo naona linawatesa wageni wote. Huyo mdudu hana saa inayokuhesabia. Wahusika wana haki ya kuogopa, ila wewe lala. Nguvu za uchawi za Gale na Shadowheart zinarudi kwa Long Rest, yaani kulala kambini. Ukienda getini wakiwa wameshatumia kila kitu kule ufukweni, unakuwa na wapiganaji wawili na watazamaji wawili. Halafu hadithi nyingi za wenzako zinafunguka usiku kambini. Asiyelala anazikosa. Ukimwona mtu ana alama ya mshangao kichwani, kaongee naye kabla hujaenda kitandani, hata yule usiyempenda.

Kulala kunahitaji chakula cha thamani ya 40 kwenye ugumu wa Balanced. Okota kila mkate, kila samaki, kila chupa ya mvinyo unayoikuta kwenye mapipa na makreti, kisha itume kambini isikulemee. Njiani una Short Rest (mapumziko mafupi) mbili kabla ya kila usiku. Zitumie bila huruma, maana wewe fighter unarudishiwa Action Surge (tendo la ziada) na Second Wind (kujiponya) hapohapo.

Tahadhari moja tu, na simalizi hadithi: ukikuta nyumba inawaka moto na watu ndani, maliza jambo hilo kabla ya kulala. Ukilala, watu hao hawatakungoja.

Sasa Shadowheart. Ule moto, Fire Bolt, unapimwa kwa Intelligence (akili), naye Intelligence yake ni ya kawaida. Kipaji chake ni Wisdom (busara). Fungua orodha ya uchawi wake mkiwa nje ya vita, maana cleric (kasisi) kama yeye anaruhusiwa kubadilisha aliyoyaandaa, uweke Guiding Bolt, Bless na Healing Word. Guiding Bolt inapimwa kwa Wisdom, inauma, na ikipata, atakayefuata kumpiga adui huyo anatupa dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Bless inawaongezea watatu wenu dadu ya pande nne juu ya kila pigo. Mapigo yanaamuliwa na dadu ya pande 20, kwa hiyo hata nyongeza ya mbili tatu inageuza mambo. Healing Word inamwinua aliyeanguka kutoka mbali, na haili zamu yake nzima.

Kwa Gale, mvishe Mage Armour (kinga ya kichawi) kila asubuhi, inadumu mpaka mlale tena. Usimpe deraya ya chuma hata ikiwa inang'aa namna gani: hajafunzwa kuivaa, na akiivaa hawezi kutoa uchawi. Pale ambapo huwezi kuvumilia kukosa, kuna Magic Missile. Haitupi dadu ya kulenga kabisa.

Turudi getini. Usifike mkiwa mmefuatana kama treni. Kabla hujakaribia, watenganishe, kwenye kibodi ni herufi G. Mpandishe Astarion na upinde wake kwenye mwamba, Gale naye juu. Anayepiga kutoka juu anaongezewa 2, anayepiga kutoka chini anapunguziwa 2. Wewe na Shadowheart ndio mkaribie mazungumzo yaanze. Na goblini akisimama ukingoni, msukume. Shove haikugharimu pigo lako la kawaida.

Nani abaki kambini? Nasema abaki Lae'zel kwa sasa, maana wewe tayari ni fighter kama yeye. Walioko kambini wanapanda levo pamoja nanyi, hapotezi kitu.

Mlinzi_wa_Daraja

Mama_Zamu nakuheshimu, ila kwa Lae'zel nakataa. Levo hizi za mwanzo wachawi wana damu chache mno. Fighter wawili mbele wanamkinga Shadowheart, naye Bless yake inawafaa wao kuliko yeyote. Mimi ningemweka Gale kambini hadi levo ya tano, akishapata Fireball, mpira wa moto.

Jingine, kijana: hifadhi mchezo (save) kabla ya kila vita, kitufe F5, lakini ukishindwa dadu ya mazungumzo usirudie. Kushindwa kunafungua milango yake.

Mama_Zamu

Hoja ya Lae'zel ina uzito, Mlinzi, hasa kwa anayependa kupigana ana kwa ana. Kijana, jaribu vyote viwili. Na kama baadaye utajutia fighter, bado usifute: kuna kiumbe mkavu wa makaburini atakayehamia kambini kwenu. Kwa dhahabu 100 anambadilisha mtu yeyote wa kikosi darasa lake lote.

Kijana_wa_Ngamiani

Asanteni sana. Nimelala, na kambini kumetokea mambo ambayo sikuyategemea kabisa! Geti limepita, Lae'zel akiwa ndani na Gale nje. Swali dogo: Bless ilikaa zamu moja, Shadowheart akapigwa mshale, ikazimika. Kwa nini?

Mama_Zamu

Bless inashikiliwa kwa Concentration, yaani umakini wa mchawi. Kila anayeishikilia akiumizwa, inatupwa dadu ya Constitution (ustahimilivu) yake. Ikishindwa, uchawi unakatika. Pia hawezi kushikilia mbili za aina hiyo, akianza ya pili ya kwanza inazimika. Akishawabariki, mrudishe nyuma ya ukuta au jiwe mahali mishale haimwoni, na zamu zinazofuata atoe Guiding Bolt, ambayo haihitaji kushikiliwa.