Kumaliza mifarishi midogo ya mabaki ya leso kabla ya masika

UziMwekundu, Malindi

Assalam aleikum wenzangu. Nina mifarishi mitano, yaani vitandiko vya matabaka matatu, ya vipande vya leso na vitenge, kila mmoja inchi 30 kwa 36. Sehemu za juu zimeshaungwa zote, zinangoja bitana na utepe wa ukingoni. Nataka itoke kabla masika hayajakolea, ili baridi ya Juni iwakute wenyewe wanayo. Yanayonitatiza ni haya: ukanda wa pembeni umecheza, nikiutandaza sakafuni unafanya mawimbi. Nikishona matabaka pamoja, bitana ya nyuma inajikunja. Na kona za utepe zinavimba. Cherehani ni ya miguu, haina kifaa chochote cha ziada. Katikati niweke nini kwa joto letu hili? Na utepe, lazima ukatwe mshazari?

Subana, Lamu

Waaleikum salaam dada. Anza na mawimbi, maana utepe hauyafichi, unayakaza hapo hapo yalipo. Ukanda hucheza pale mtu anaposhona kitambaa kirefu mpaka mwisho ndipo akate kinachozidi. Meno ya cherehani huingiza kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu, kwa hivyo ukanda ukiwa chini unaingia mrefu kuliko upande unaoushonea, na wewe huoni mpaka uinue kazi.

Pima mfarishi katikati, kutoka juu hadi chini, usipime pembeni, kwa sababu pembeni pameshavutika. Katikati ikisoma inchi 36 na ukingo ukasoma 37 na nusu, fumua. Hakuna dawa nyingine. Kata ukanda sawasawa na kipimo cha katikati, ukunje mara nne, utie alama kwenye mikunjo. Fanya vivyo hivyo kwenye upande wa mfarishi, linganisha alama, bana kwa pini, kisha shona mwili wa mfarishi ukiwa chini na ukanda juu. Hapo meno yatakusaidia kula ule urefu uliozidi. Ikiwa tofauti haifiki nusu inchi usifumue: tandaza, weka kitambaa kibichi juu, gandamiza pasi bila kuiburuta, halafu acha ipoe papo hapo kabla ya kuinua. Kama umeme umekatika na unatumia pasi ya makaa, kitambaa hicho ndicho kitakachokukinga na jivu pia.

Bitana nayo hujikunja kwa sababu mbili zinazopingana. Ama ililegea, ama ilivutwa mno: ukiivuta kama ngozi ya ngoma, ukiiachia inarudi mahali pake na kukokota kila kilichoshonwa juu yake. Inatakiwa inyooke tu. Kata bitana inchi 34 kwa 40, ili kila upande uzidi inchi 2. Itandaze sakafuni, uso ukitazama chini, ishike kingo kwa ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Kwenye mkeka haifai, miraba ya ukindu inaisogeza. Juu yake tabaka la kati, kisha sehemu ya juu, na kila tabaka ulipapase kutoka katikati kwenda nje. Piga bandi kwa mkono, mishono ya inchi 2, mistari iachane inchi 4, ukianzia katikati. Pini zinaharakisha, lakini huku kwetu hewa ya chumvi inazitia kutu, na kazi ikilala kabatini wiki chache na pini zake utaikuta na madoa ya kahawia.

Kwenye cherehani, legeza ile skrubu ya juu inayokandamiza mguu, ongeza urefu wa mshono ufike milimita 3 au zaidi kidogo, tumia sindano namba 14. Mstari wa kwanza upite katikati kabisa. Inayofuata yote ianzie upande uleule. Ukishona mmoja kwenda na mwingine kurudi, kitambaa kati ya mistari kinapinda.

MkasiWaLangoni

Nakubaliana na Bi Subana kwa ukanda, ila kwa mifarishi ya inchi 30 kwa 36 sioni haja ya kuhangaika na mistari ya cherehani isiyo na mguu wake maalumu. Funga mafundo. Uzi mnene wa pamba, uingie juu utoke chini, urudi juu umbali wa punje ya mchele, ufungwe fundo kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, na mikia ibaki nusu inchi. Ukiweka fundo kila inchi 4 ni saba kwa upana na nane kwa urefu, jumla 56, na bitana haijikunji kwa sababu hakuna kinachoisukuma.

Sharti ni tabaka la kati lisiwe la kutawanyika. Blanketi jepesi kuukuu au flaneli inavumilia nafasi hiyo. Flaneli ifue kwanza kwa maji ya moto, la sivyo itarudi baadaye na kukunja kila kitu. Sufi ya mito usiiguse: ikifuliwa inajikusanya mabonge, na hata mistari ya kila inchi 2 haiizuii vizuri. Taulo nalo linakunywa maji mengi, halikauki siku za mawingu. Kwa joto la Malindi mimi ningeweka flaneli moja tu, au bafta mbili.

Jambo la pembeni: kama yoyote kati ya hiyo ni ya mtoto mchanga, iwe ya kulalia sakafuni mchana akiwa anaangaliwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hafai kufunikwa kitu kilicholegea akiwa usingizini.

UziMwekundu, Malindi

Ahsanteni sana. Miwili ni ya watoto wadogo, nimekusikia kaka. Bitana nilikuwa nafikiria leso nzima. Na utepe je, naweza kuutoa kwenye pindo la leso? Kuna leso nyekundu pia ambayo rangi yake siiamini.

Mshazari, Lamu

Leso moja inakutosha. Ina kiasi cha sentimita 110 kwa 150, yaani inchi 43 kwa 59. Ukitoa bitana ya 34 kwa 40 kuanzia kona moja, unabaki na kipande cha inchi 43 kwa 19, na utepe wa mfarishi mmoja unahitaji inchi 10 tu kati ya hizo 19. Angalia jina, yaani maneno yaliyochapwa kwenye leso, linaangukia wapi. Leso yenye maneno ya dua au jina la Mungu isikatwe katikati ya maandishi wala isifanywe bitana ya kitu kitakachokanyagwa.

Pindo laweza kutumika lakini usifuate mstari wa chapa. Mara nyingi chapa ya leso imepinda kidogo kwenye nyuzi, na utepe uliokatwa kwa kufuata rangi utajinyonga. Chana kidogo kwa mkono uone uzi unakwenda wapi, ukate hapo. Mshazari wenyewe hauhitaji: ni wa kona za duara. Kwa kingo zilizonyooka utepe wa uzi ulionyooka unadumu na unaokoa kitambaa.

Hesabu: mzunguko ni inchi 132, ongeza 12, unapata 144. Vitepe vinne vya upana wa inchi 2 na nusu, kila kimoja cha inchi 42, vinatoa 168. Maungio matatu yanakula kama inchi 7 na nusu. Unabakiwa na ziada. Ukinunua kitambaa kimoja cha upana wa inchi 42 kwa utepe wa yote mitano unahitaji urefu wa inchi 50. Mita moja na robo ni 49, kwa hivyo chukua moja na nusu.

Unga vitepe kwa mshono wa mshazari, usiunge moja kwa moja, maana ungio lililonyooka likishakunjwa linakusanya unene wote mahali pamoja. Kunja utepe urefu wote, piga pasi, ushone juu ya mfarishi robo inchi kutoka ukingoni, ukiacha inchi 8 za mwanzo bila kushona. Kona ndiyo hii: simama robo inchi kabla ya mwisho, rudi nyuma mishono miwili, kata uzi. Nyanyua utepe juu ufanye mshazari wa digrii 45, kisha urudishe chini, mkunjo ulale sawa na ukingo wa juu, uanze tena kushona kutoka ukingoni kabisa. Ukipita mpaka wa robo inchi hata kwa mshono mmoja, kona haitageuka. Zako zinavimba ama kwa hilo, ama kwa sababu unakunja nyuma upande uleule uliokunja mbele. Nyuma kunja kinyume, unene ugawanyike.

Mwisho, ncha mbili zipandane inchi 2 na nusu kamili, yaani sawa na upana wa utepe kabla ya kukunjwa, ndipo uziunge kwa mshazari.

Subana, Lamu

Leso nyekundu: loweka pembe yake, weka kati ya bafta nyeupe mbili, piga pasi. Bafta ikishika rangi, ifue leso hiyo peke yake mpaka maji yatoke meupe. Chumvi na siki hazishiki rangi za siku hizi. Kama imeshaungwa kwenye mfarishi na ikachujuka, usiache ikauke. Rudisha kwenye maji mengi na sabuni, badilisha maji mpaka yawe safi.

Maji yako yakiwa ya kisima chenye chumvi, sabuni haitoki vizuri, kwa hivyo ufuaji wa kwanza heri ungoje maji ya mvua ya jabia, lile birika la kuwekea maji. Ila uchague siku yenye jua, uanike kivulini kwenye upepo, ndani nje.

UziMwekundu, Malindi

Basi nitafumua kanda mbili zilizozidi, zile nyingine pasi inazitosha. Kaka wa Langoni, mafundo yakae juu au nyuma?

MkasiWaLangoni

Kwa miwili ya watoto yakae nyuma, na mikia uifupishe robo inchi wasije wakaivuta kinywani. Mingine upendavyo.