Mjadala: BioShock yafaa kupewa runinga ya gemu za hadithi hapa Lamu?

Mwana wa Mkomani

Assalaam aleikum jamaa. Swali hili limezunguka barazani tangu wenye banda moja la gemu huko Langoni waseme watatenga runinga moja kwa gemu za hadithi, zile nyingine zibaki na mpira. Gemu waliyoipendekeza mwanzo ni BioShock ya mwaka 2007. Wapo wanaosema bunduki ni bunduki, na hadithi imewekwa kama kisingizio. Wapo wanaosema hakuna gemu ya kulenga iliyosimulia vizuri kuliko hii.

Kwa asiyeijua: ni mwaka 1960, ndege imeanguka katikati ya Atlantiki. Manusura, Jack, anaogelea mpaka kwenye mnara wa taa, anashushwa na chombo hadi Rapture, mji uliojengwa chini ya bahari na tajiri Andrew Ryan ili watu waishi bila serikali wala dini juu yao. Anaukuta umeshaoza. Sauti iitwayo Atlas inamwongoza kwa redio.

Naomba wanaoijua kwa ndani waseme. Siri za hadithi zitatajwa, kwa hiyo asiyetaka kuzijua aishie hapa.

Fundi Pedi

Yafaa, na nitaanza na uchezaji maana ndio unaodharauliwa. Hii si gemu ya kukamata kifyatulio na kumwaga risasi. Mkono wa kulia una silaha, wa kushoto una plasmidi, yaani nguvu inayodungwa mwilini. Somo la kwanza ni umeme na spana: mpige adui kwa Electro Bolt aganda, kisha mgonge kabla hajazinduka, kwani pigo linaloangukia aliyeganda ni zito kuliko la kawaida. Wakisimama watatu kwenye maji, usipoteze umeme kwa kila mmoja. Piga maji, wote watatetemeka pamoja. Mafuta sakafuni yanangoja moto.

Na kuna mtego ambao wachezaji wengi wanaupita bila kuuona. Adui aliyejeruhiwa hukimbilia mashine ya matibabu ukutani. Ukiwa umeshaichezea mashine hiyo mapema, yaani umeidukua, akiigusa inamdhuru badala ya kumponya. Kwa hiyo unapoingia chumba kipya, kwanza mashine, kisha kamera ya ulinzi, ndipo vita. Anayeanza na vita humaliza vifaa vya tiba, na huwezi kubeba zaidi ya 9.

Kosa jingine la wageni ni kuiacha kamera ya utafiti. Kila picha ya adui inaongeza alama za utafiti, na zikijaa unapata nyongeza ya kudumu ya madhara dhidi ya aina hiyo. Mpige picha akiwa hai tena anakushambulia, alama zinakuwa nyingi. Big Daddy naye, lile jitu linalolinda watoto wa kike wa Rapture, hakugusi mpaka umguse, basi tumia utulivu huo: tega mabomu ya ukaribu njiani anapopita, weka risasi za kutoboa chuma kwenye bastola, ndipo umchokoze.

Hadithi nayo imo ndani ya mahali penyewe. Aliyewahi kupita magofu ya Takwa au Pate anajua jinsi ukuta wenye zidaka tupu unavyosema habari za walioketi hapo. Rapture inasema vivyo hivyo: meza ya karamu ya mwaka mpya iliyoachwa, kinyago sakafuni, kinasa sauti pembeni mwa maiti. Hakuna anayekusimamisha akusomee historia. Ukitaka utaitafuta, usipotaka utapita.

Binti Langoni

Fundi, hayo ya mahali nakubali yote. Ninalolipinga ni dai kwamba gemu hii inampa mchezaji uamuzi mzito. Tufanye hesabu.

Katika Rapture kuna watoto wa kike, Little Sisters, wanaobeba ADAM, ile dawa inayonunua plasmidi. Ukimshinda mlinzi wa mmoja wao, unaambiwa uchague: umvune, naye afe, upate ADAM 160, au umwokoe upate 80. Wako 21. Ukiwavuna wote unapata 3,360. Ukiwaokoa wote unapata 1,680, lakini kila ukiokoa watatu unaletewa zawadi yenye ADAM 200, nazo ni zawadi saba, yaani 1,400. Jumla 3,080. Tofauti ni 280 tu kwa gemu nzima! Na ndani ya zawadi hizo mna plasmidi ya kumtiisha Big Daddy, ambayo mvunaji haletewi.

Sasa wema umemgharimu nini mchezaji? Hakuna. Hadithi inapiga kelele kwamba kuishi Rapture kunataka unyama, na hesabu inamlipa mtu mwema kama mnyama, tena kwa bonasi.

La pili ni kubwa zaidi. Mwaka huohuo wa 2007 mbunifu wa gemu Clint Hocking aliandika kwamba BioShock inagongana na nafsi yake. Kwa watoto wale unaruhusiwa kuchagua ubinafsi. Kwa Atlas huruhusiwi kuchagua lolote, utamsaidia tu, hata kama falsafa uliyoifuata tangu mwanzo inakwambia usimsaidie mtu. Mpaka leo sijaona jibu linaloivunja hoja hiyo.

Fundi Pedi

Dada, jibu la hoja ya pili limo ndani ya gemu, kwenye chumba cha Ryan. Atlas alipokuwa akikutuma kote kule, kila mara alitanguliza maneno yaleyale ya kuomba kwa upole. Kwetu tungesema "tafadhali". Nani anayeisikia tafadhali? Ni adabu, inapita sikioni kama hewa. Kwa Ryan ndipo unapojua kwamba maneno yale ni kufuli iliyowekwa akilini mwa Jack, naye hawezi kuyakataa. Ryan anakupa fimbo ya gofu, anakuamuru umuue, na pedi mkononi mwako haifanyi kazi. Wewe uliyedhani unafuata mshale wa kazi kama katika gemu yoyote, kumbe ulikuwa unaamrishwa. Kukosa uchaguzi mbele ya Atlas kumegeuzwa kuwa ndiyo maana ya hadithi.

Hesabu ya ADAM ni sahihi. Ila mchezaji wa mara ya kwanza haijui. Anaahidiwa tu kwamba atafidiwa, naye anaona 80 dhidi ya 160 huku mtoto akijikunyata mbele yake.

Binti Langoni

Chumba cha Ryan ni kilele, sikatai. Lakini tazama kinachofuata. Umeshaambiwa ulikuwa mtumwa wa maagizo, kisha unazinduka na unapewa maagizo mengine kwa redio, safari hii na Tenenbaum, mwanasayansi anayewatetea watoto wale, nawe unayafuata vilevile. Gemu imefungua mlango kisha haikupita. Lingetakiwa jambo dogo tu: kazi moja unayoweza kuikataa.

Badala yake unatumwa kuokota viatu, vazi na kofia ya Big Daddy, kisha umsindikize mtoto huku ukimlinda. Mwisho ni bosi mwenye misuli anayejiwasha moto, kisha barafu, kisha umeme, nawe unamchoma sindano kila akidhoofika. Mji uliojengwa kwa mawazo unamalizwa kwa ngumi.

Kijana wa Shela

Mabwana na mabibi, nasema ya bandani, maana hadithi nzuri yaweza kuharibika kwa mpangilio mbaya.

Umri kwanza. Alama yake Ulaya ni 18, Marekani ni 17 kwenda juu. Kumvuna mtoto hakuonyeshwi wazi, kioo kinafunikwa na ukungu wa kijani, lakini maana inafahamika. Runinga hiyo isielekee mlangoni ambapo watoto wa madrasa wanapita.

Pili, sauti. Nusu ya hadithi imo kwenye vinasa, na kelele za mpira zitaifunika. Headifoni si anasa hapa, na maandishi ya chini yawashwe kwenye mipangilio kabla ya kuanza. Hayako kwa Kiswahili, kwa hiyo asiyesoma Kiingereza ataona vita tu, na huyo atasema kweli kwamba hadithi ni kisingizio. Mtu mmoja anayefasiri pembeni anabadilisha mambo.

Tatu, muda. Gemu inachukua saa kumi na mbili hivi, nanyi mnatoza kwa dakika kama mpira. Inaruhusu kuseivu popote, basi kila mteja awe na seivu yake. Umeme ukikatika na seivu ni ya saa iliyopita, hatarudi.

Nne, na hili waandaaji walisikie: zimeni Vita-Chamber. Hizo ni chemba zinazokufufua bure kila ukifa, ilhali Big Daddy uliyemjeruhi anabaki na majeraha yake. Mtu anaweza kumuua kwa spana peke yake, akifa na kurudi mara kumi, na mbinu zote alizozitaja Fundi zinakuwa hazina kazi. Toleo la mwanzo lilitoka bila njia ya kuzizima, ikaja baadaye kwa sasisho. Kwenye toleo lililong'arishwa la 2016, la PS4, chaguo hilo limo kwenye mipangilio.

Mwana wa Mkomani

Na fumbo la mabomba je? Linalalamikiwa sana.

Fundi Pedi

Linastahili lawama. Kila mashine unayoichezea inakufungulia fumbo lilelile la kuunganisha mabomba kabla maji hayajafika, na dunia nzima inasimama ikikungoja. Mara tano ni tamu, mara hamsini ni adhabu. Pia huwezi kushika silaha na plasmidi kwa wakati mmoja, lazima ubadilishe mkono. Yote mawili yalirekebishwa katika BioShock 2 ya mwaka 2010. Kwa bandani, mteja atumie vifaa vya kudukua mashine papo hapo vilivyomo ndani ya gemu, asilipie dakika za mabomba.

Binti Langoni

Basi iwekwe, kwa masharti ya Kijana wa Shela. Nami naongeza moja: mteja akifika kwa Ryan asihimizwe kumaliza siku hiyohiyo. Aachwe atoke na aliyoyaona barazani kwanza.