Mababa saba wa Naima

Kikundi: UKOO WA BI MWANAISHA, TANGA

*Jumamosi*

Zuhura (Arnhem): Assalamu alaykum jamani. Shikamoo Bibi, shikamooni wakubwa wote. Nina habari ya lile deni la Bibi.

Mwajuma: Waalaykum salaam da Zuhura. Niko na Bibi hapa barazani, namsomea. Anasema marahaba mwanangu, deni lipi?

Zuhura: La mwezi wa 12 tulipokuja. Alimkalisha Naima mkekani akamsomesha mababu wa upande wetu, mtoto akawashika wote moyoni. Kisha akamuuliza, haya, na kwa baba yako? Naima akamtaja baba yake, akamtaja babu yake, akanyamaza. Kunyamaza kule hakujanitoka.

Naima: Nilitaka kusema nikawa sina wa kumtaja 😔

Shangazi Rukia (Mombasa): Maskini mwanangu. Kwani shemeji mwenyewe hajui kwao?

Zuhura: Baba mkwe katangulia mwaka juzi, shangazi. Mama mkwe yu hai lakini kumbukumbu zimemwacha, mara ananiita kwa jina la dada yake. Wim mume wangu ana picha moja tu ya babu yake, kasimama na baiskeli mbele ya ghala. Wa kuuliza hakuna. Nimeviuliza vitabu.

Mjomba Salim: Vitabu gani? Mimi nimefungua majalada ya mahakama miaka 30, hapo umenigusa pangu.

Zuhura: Najua mjomba, nilikuwa nakungoja wewe. Kwao ni Winterswijk, mji mdogo mashariki kabisa mwa Uholanzi, sehemu wanayoiita Achterhoek, ukivuka tu uko Ujerumani. Tangu 1811, wakati Napoleon kaimeza nchi yao, kila mji wa Uholanzi unaandika nani kazaliwa, nani kaoa na nani kafa. Na utamu wake ni huu: cheti cha ndoa kinataja wazazi wa bwana na wa bibi harusi, cha kifo kinataja wazazi wa marehemu. Kila karatasi inakupandisha ngazi moja.

Mjomba Salim: Na wanakuruhusu tu kusoma?

Zuhura: Kuzaliwa kukipita miaka 100, ndoa 75, kifo 50, ni wazi kwa kila mtu. Picha za kurasa ziko mtandaoni, bure. Babu mwenye baiskeli alikufa 1979, kwa hiyo tuliagiza kadi yake CBG, kituo cha nasaba cha Uholanzi, kule The Hague. Walioaga kati ya 1939 na Oktoba 1994 kadi zao zimehifadhiwa huko: wazazi, mke, watoto, kila nyumba aliyohamia. Wim aliishika ile nakala akaenda nayo jikoni, akakaa peke yake na mlango kaufunga.

Hamisi (Dar): Umefika wa ngapi sasa?

Zuhura: Wa sita. Wim, baba yake, babu wa 1908, wa 1872, wa 1836, na Hendrik wa 1801. Jina lao wote Hesselink. Na huyu Hendrik nataka niwaonyeshe. Alipooa 1826 aliweka karatasi zake mezani kwa karani, na moja ni ya jeshi, kuthibitisha kuwa kamaliza wajibu wake. Wakati ule hakuna picha, kwa hiyo wamemwandika sura: uso mrefu, kipaji chembamba, macho ya bluu, pua kubwa, kidevu cha duara, nywele za kahawia. Alama: ndui. Urefu: el 1, palm 6, duim 4.

Hamisi: Palm 6 ndiyo nini?

Zuhura: Mwaka 1820 walianza kutumia kipimo cha meta lakini majina wakaacha yale ya zamani. El ni meta moja, palm ni sentimita 10, duim ni sentimita 1. Kwa hiyo meta 1 na sentimita 64. Mimi nimemzidi!

Shangazi Rukia: Subhanallah. Alama za ndui. Yaani alinusurika akiwa mtoto, na kwa kunusurika kwake tumempata Naima.

Naima: Pua ni ya baba 😭 nimemwekea hiyo karatasi karibu na uso, ni ileile

Mwajuma: Bibi anataka wa saba.

Zuhura: Hapo ndipo nilipokwama wiki tatu. Baba yake Hendrik kaandikwa Jan Derk Hesselink, mama yake Aaltjen Hesselink. Kabla ya 1811 hakuna vyeti vya serikali, unaingia vitabu vya kanisa: ubatizo, ndoa, maziko. Nimesoma ubatizo wa Winterswijk kutoka 1760 hadi 1780, mstari kwa mstari. Jan Derk wapo, lakini Jan Derk Hesselink hakuna.

Mjomba Salim: Mume na mke jina moja. Watoto wa baba mkubwa na baba mdogo hao.

Zuhura: Nami nilidhani hivyo mjomba.

Mjomba Salim: Cheti chake cha kifo kinasemaje?

Zuhura: Alikufa 1834. Waliokwenda kutoa taarifa ni majirani wawili. Kule majirani ndio wenye kazi hiyo, wanaita noaberschap: ukizaliwa wanakuja wao, ukifa wanakuja wao, jeneza wanalibeba wao. Karani akawauliza wazazi wa marehemu, wakasema hatuwajui.

Mwajuma: Ngoja, Bibi anaongea. Kasema tena, nimwandike neno kwa neno.

Mwajuma: "Majirani waliombeba jeneza hawamjui baba yake? Basi huyo hakuzaliwa pale. Huyo kaingia nyumba ya mkewe. Mbona babu yenu Kombo katoka Pemba hapa Tanga akaitwa Kombo wa Bi Mwanaisha mpaka amezikwa? Jina la nyumba hilo, si la baba."

Hamisi: Bibi jamani.

Zuhura: Nimesimama hapa nilipo. Narudi.

*Jumanne*

Zuhura: Jamani, Bibi kasema kweli tupu.

Zuhura: Nilikwenda Gelders Archief, nyumba ya kumbukumbu ya jimbo, iko hapahapa Arnhem. Nikamkuta mama mmoja chumba cha kusomea, mtu mzima, nikamweleza maneno ya Bibi kama yalivyo. Akavua miwani akanitazama. Akasema bibi yako ameishi Winterswijk? Kwa sababu mashariki kule, Achterhoek na Twente, ndivyo ilivyokuwa. Jina ni la shamba. Anayekaa kwenye shamba la Hesselink ni Hesselink. Mwanamume akioa binti mwenye kurithi shamba, anahamia, na jina lake linabaki njia panda. Akihama tena, anabadilisha tena.

Shangazi Rukia: Na serikali inakubali?

Zuhura: Ilikubali mpaka Napoleon. Tarehe 18 Agosti 1811 ilitoka amri kila mtu awe na jina la ukoo lisilobadilika, na jina ambalo amri ilimkuta mtu anaitwa, wengi wakabaki nalo. Jan Derk wakati huo yuko kwa mkewe miaka kadhaa. Wanawe wakawa Hesselink, na wajukuu, mpaka Wim, mpaka Naima.

Mjomba Salim: Haya, baba yake nani? Usitukatie utamu.

Zuhura: Kabla sijafika huko, mjomba, nilikumbuka swali unaloulizaga wewe kwenye mirathi: watoto wanaitwaje. Mtoto wao wa kwanza Berend. Alikufa mchanga. Aliyefuata wakamwita Berend tena. Ndiyo desturi yao, kumwinua babu kwa mjukuu, na mtoto akifa jina halizikwi naye.

Shangazi Rukia: Kama sisi tu na majina ya wazee.

Zuhura: Kabisa shangazi. Baba yake Aaltjen ni Hendrik, huyo tunamjua. Berend wa nani? Nikafungua kitabu cha ndoa, 1798. Nawaandikia kama kilivyo: Jan Derk Wiggers, j.m., mwana wa marehemu Berend Wiggers wa Miste, na Aaltjen Hesselink, j.d., binti wa Hendrik Hesselink wa Woold.

Hamisi: J.m. na j.d. ndiyo vyeo?

Zuhura: J.m. ni kijana asiyewahi kuoa, j.d. ni binti asiyewahi kuolewa. Mjane wanamwandika mjane. Miste na Woold ni vitongoji vya Winterswijk, mtu anatembea kwa miguu. Bwana harusi kahama kitongoji kimoja hadi kingine, na jina likapotea miaka zaidi ya 200.

Mwajuma: Bibi anatikisa kichwa anasema alhamdulillah. Anauliza kazaliwa lini huyo.

Zuhura: Sasa nimemwona kwenye ubatizo. 1771, imeandikwa "15 7ber".

Hamisi: Julai 15.

Zuhura: Ndiyo nilivyoandika daftarini. Yule mama akanikatia. 7ber ni September, kwa sababu "septem" ni saba kwa Kilatini, hesabu ya zamani ya miezi ikianzia Machi. 8ber ni Oktoba, 9ber Novemba, 10ber Desemba. Wengi wanapotelea hapo.

Mwajuma: Bibi anasema nini kigumu hapo? Mfungo sita ni mwezi wa Maulidi, na kwa hesabu ya Waarabu ni mwezi wa tatu. Kila watu wana pa kuanzia kuhesabu.

Mjomba Salim: Nimepiga hesabu ya kalenda hapa. 15 Julai 1771 ni Jumatatu. 15 Septemba ni Jumapili. Mchungaji anabatiza Jumapili. Septemba ni sahihi, funga jalada.

Zuhura: Mjomba nimelia. Sijui kwa nini tarehe ndiyo iliyoniliza.

Zuhura: Mstari wenyewe ni mfupi kuliko kidole changu. Wino wa kahawia, herufi zimelala upande kama majani yaliyopigwa na upepo. Pembeni pana doa la duara, nafikiri ni tone la nta. Mtu alikuwa akiandika kwa mshumaa.

Naima: Mama, kwa hiyo mimi ni Wiggers au Hesselink?

Shangazi Rukia: Baba yako amesemaje?

Naima: Anasema jina la pasi ni Hesselink. Halafu akachukua gari tukaenda Woold. Kuna barabara ya miti na mashamba. Alisimama nje tu hakubisha hodi.

Mwajuma: Bibi anamjibu Naima: "Damu ya Wiggers, nyumba ya Hesselink. Bi Aaltjen alimfungulia mlango mgeni akampa jina, utamwachaje? Yasome yote mawili. Ukifika kwa Jan Derk, simama, useme kaingia kwa mkewe, kisha endelea."

Naima: 🎤 *Ujumbe wa sauti, 0:41*

Mwajuma: Kwa wasioweza kusikiliza, Naima kasema: "Mimi Naima binti Wim, bin Gerrit, bin Jan, bin Hendrik, bin Berend, bin Hendrik, bin Jan Derk aliyeingia Hesselink kwa mkewe Aaltjen, na yeye ni bin Berend Wiggers wa Miste." Hakusita hata mahali pamoja.

Hamisi: Saba, na wa nane juu yake!

Shangazi Rukia: 😭😭 Mashallah tabarakallah.

Mjomba Salim: Kila jina lina karatasi nyuma yake. Zuhura, weka nakala mbili, moja niletee mimi.

Mwajuma: Bibi kafuta macho kwa kanga. Sasa anauliza, na mama zao? Au kule wanawake hawaandikwi?

Zuhura: Wanaandikwa Bibi! Mwanamke wa Kiholanzi kwenye vitabu hivi anabaki na jina la kwao, akiolewa, akizaa, hata akizikwa. Ndivyo tulivyompata Aaltjen. Mkwewe, mke wa Hendrik wa 1801, hata sahihi hana, karani kaandika kwamba kasema hajui kuandika, lakini jina lake liko kamili.

Mwajuma: Basi anataka mama yake Jan Derk.

Zuhura: Kaandikwa mwisho wa uleule mstari wa 1771. Geesken. Baada yake naona "te", yaani "wa huko", na neno moja, ukingo wa karatasi umelika. Alhamisi nina nafasi chumba cha kusomea, nitamwomba yule mama anikuzie picha.

Mwajuma: Anasema Alhamisi atakaa hapahapa na simu.