Naomba ushauri: mama anataka kurudi Goma

Ndugu zangu, nimezaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Himbi. Sasa niko Nairobi na mama, miaka 74. Tangu mji uingie mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, wakisaidiwa na jeshi la Rwanda kama walivyoeleza wataalamu wa Umoja wa Mataifa, mama hapati usingizi. Nikikaanga omena ananiambia hizo si sambaza za Ziwa Kivu. Ufunguo wa nyumba kaufunga kwenye pindo la kitenge. Anataka akafie kwao. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki pia. Hata mimi natamani kukanyaga tena mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo.

Aliyepitia Gisenyi, upande wa Rwanda, karibuni akiwa na mzee, mpakani waliomba karatasi gani? Nimpeleke, au nimsihi asubiri?