Vita vikisimuliwa kwa michoro, ushuhuda unabaki na uzito wake?

MsomaFilamu
Ndugu wanajukwaa, naomba maoni yenu kuhusu Waltz with Bashir, filamu ya hali halisi ya mwaka 2008 ya mwongozaji wa Israeli, Ari Folman, ambayo inasimulia vita vya Lebanon vya mwaka 1982 kwa michoro karibu mwanzo hadi mwisho. Folman alikuwa askari kijana katika vita hivyo, na filamu inaanza pale anapogundua kwamba hakumbuki lolote kuhusu mauaji ya Sabra na Shatila, makazi ya wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut, ingawa alikuwa Beirut wakati huo. Anawatafuta wenzake wa zamani, anawahoji, na wanayomweleza yanachorwa. Katika dakika za mwisho kabisa michoro inakatika, na tunaonyeshwa video halisi ya wanawake wakilia kambini, kisha maiti.

Ikiwa michoro ilitosha kubeba ushuhuda kwa zaidi ya saa nzima, kwa nini iliwekwa kando jambo lilipofikia uzito wake wote? Mimi naona mchoro unampa mtazamaji mahali pa kujificha, na kwamba mwongozaji mwenyewe alilitambua hilo mwishoni.

Mhariri_wa_Picha
Ndugu, hapo kwenye kujificha sikubaliani nawe. Kamera haikuwapo katika sehemu nyingi ambazo filamu hii inatupeleka. Mmoja wa wahojiwa huota mbwa 26 wakimwandama, kwa sababu vitani alipewa kazi ya kuwapiga risasi mbwa waliobweka na kuwaamsha wanakijiji askari walipokaribia, na idadi yao hajaisahau. Ndoto hiyo ingepigwa picha namna gani? Ukileta waigizaji na mbwa waliofunzwa, utakuwa umepotosha zaidi kuliko mchoraji, maana picha ya kamera hudai kwamba jambo lilitokea mbele yake, ilhali mchoro hukiri tangu mwanzo kwamba kuna mkono wa mtu uliolitengeneza.

Kuna pia ile taswira inayojirudia, ya vijana wakiinuka uchi kutoka baharini mbele ya Beirut usiku. Folman anamuuliza mwenzake anayemwona ndani ya taswira hiyo, naye hana kumbukumbu yake. Mapema rafiki yake amekwisha kumsimulia jaribio ambalo watu walionyeshwa picha ya kubuni ya utoto wao, na wengi wakaikubali kuwa sehemu ya maisha yao. Mchoro unaweza kuonyesha tukio na shaka juu ya tukio hilo kwa pamoja, na hiyo ndiyo hali ya mtu anayekumbuka vita.

Wengi hudhani kwamba wachoraji walifuatisha video kwa kuchora juu yake. Sivyo. Mahojiano yalirekodiwa kwanza, kisha timu ya David Polonsky na Yoni Goodman ikachora kila kitu upya, vipande vikasogezwa kwa kompyuta na kuchanganywa na uhuishaji wa kawaida. Ndiyo maana watu wanakwenda kwa uzito, kama wanaotembea ndani ya maji, na mimi naona uzito huo umeisaidia filamu.

Bi_Mwalimu
Naomba tusisahau historia yenyewe tunapojadili ufundi. Bashir Gemayel, aliyekuwa amechaguliwa kuwa rais wa Lebanon, aliuawa tarehe 14 Septemba 1982. Kuanzia tarehe 16 hadi 18 wanamgambo wa Falanji, Wakristo wa Lebanon waliokuwa wafuasi wa Gemayel, waliingia Sabra na Shatila wakaua Wapalestina na Walebanoni, wakati jeshi la Israeli lilikuwa limelizingira eneo hilo na kurusha angani mabomu ya mwanga usiku. Mwaka 1983 Tume ya Kahan, iliyoundwa na Israeli yenyewe, iliona kwamba Ariel Sharon alibeba dhamana binafsi, naye akaondoka katika wizara ya ulinzi.

Kwa hiyo mimi nauliza: ni kumbukumbu za nani zilizochorwa? Ndoto, hofu na usahaulifu wa askari vimechorwa kwa upole mkubwa. Mpalestina hakuchorewa ndoto hata moja. Wanawake wale wanapopata sauti hatimaye, kilio chao cha Kiarabu hakitafsiriwi katika maandishi ya chini ya picha, na asiyejua Kiarabu anaondoka na machozi yao bila maneno yao. Hilo linaniumiza kila niitazamapo, na sidhani kwamba ufundi unaweza kulitolea udhuru.

Kalamu_na_Wino
Dada Mwalimu amegusa penyewe. Ndiyo maana namthamini sana Rithy Panh wa Kambodia, ambaye katika The Missing Picture ya mwaka 2013 alitumia vinyago vya udongo kuisimulia familia yake chini ya utawala wa Khmer Rouge, wakomunisti walioitawala nchi hiyo kwa ukatili miaka ya sabini. Vinyago havitembei; kamera ndiyo inayotembea kati yao. Watawala walipiga filamu za kujisifu, wakaacha njaa na vifo bila picha, na aliyenusurika akaitengeneza mwenyewe picha iliyokosekana. Nayo Flee ya mwaka 2021, kutoka Denmark, ilitumia michoro kuficha sura ya mkimbizi wa Afghanistan ili aweze kusema yote. Hapo anayejificha ni shahidi, na ana haki ya kufanya hivyo.

MsomaFilamu
Nawashukuru sana. Baada ya kuwasoma nimerudi kwenye ile taswira ya bahari na kuangalia mwanga wake wa manjano. Ni mwanga wa mabomu yale aliyoyataja Bi Mwalimu, na karibu na mwisho Folman anaulizwa kama alikuwa miongoni mwa walioyarusha. Inaonekana kwangu sasa kwamba michoro ilikuwa imeishika dhamana yake muda wote, ikiwa imepakwa rangi nzuri mno kiasi cha kutotambulika. Kuhusu kilio kisichotafsiriwa, sina utetezi wowote. Maneno yale yalipaswa kuandikwa.